Kwa Guka Hatuongei Siasa Wala Dini

Krismasi iliyopita tulikuwa kwa guka huko Manyatta, ile Manyatta ya Embu, si ya Kisumu. Kuku alikuwa ameiva, chapati zimefunikwa, baridi ya mlima imeanza kuingia chini ya mlango. Binamu yangu mmoja akauliza swali la kawaida tu: kwa nini kila kukiwa na harambee kanisani, mheshimiwa ndiye anaketi mbele kuliko hata wazee wa kanisa? Guka akaweka kijiko chini. "Hapa kwangu hatuongei siasa, na hatuongei dini. Kuleni."

Tukala.

Hii sheria mnaijua. Hata grupu yetu ya WhatsApp ya familia imeandikwa juu kabisa: hakuna siasa, hakuna dini. Kwa hivyo tunachangia mazishi, tunaulizana kama barabara ya juu imetengenezwa, tunaombea wagonjwa, tunalalamika bonasi ya majani chai imekuwa kidogo. Sijui hayo mambo manne ni nini kama si siasa na dini, lakini basi.

Kwa muda mrefu nilifikiri ni heshima tu. Ati Waembu ni watu wapole, mambo mazito yanawekwa kando ili watu waishi vizuri. Hadi nilipoanza kusoma historia ya hapa kwetu kwa ajili ya video moja, nikakwama kwenye swali ambalo sikuwa nimelipanga: hii sheria ilianza lini? Manake wazee wa kiama wa zamani hawakuwa nayo. Wao walikaa kikao kimoja wakaongea shamba, mvua, dhabihu na vita, na hakuna aliyejua mpaka wa siasa na dini unapitia wapi. Sheria ya guka si mila. Ina tarehe ya kuzaliwa, na nafikiri nimeikaribia.

Twende polepole. Ukishuka kutoka Manyatta kuelekea Embu mjini unapita karibu na Kigari, palipo na chuo cha walimu. Wamishenari wa CMS walifika hapo mwaka wa 1910. Walileta shule, dawa na kanisa, na kwa miaka kama ishirini mambo yakaenda. Halafu ukaja mgogoro wa tohara ya wasichana, mwaka wa 1929. Wamisheni walitaka waumini waikane tohara hiyo; wengi wakaona wanaambiwa waukane ukoo wao. Makanisa yalipasuka Ugikuyuni kote na mpasuko ukafika Embu na Meru. Waliotoka wakajenga shule zao na makanisa yao, kwa pesa zao, na mwaka wa 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ikaanza kuzifunga shule hizo kwa kushuku kwamba ni vituo vya Mau Mau.

Sitaki mnisome vibaya. Mimi naipinga tohara ya wasichana na nimeshasema hivyo hapa mara nyingi, hata wajomba wakakasirika. Ninachosema ni kwamba jambo lilikuwa la dini na la siasa kwa pamoja, na lilitolewa kama amri. Misheni iliamuru. Wazee wakaamuru kinyume. Wasichana wenyewe hakuna aliyewauliza. Na huko Meru mwaka wa 1956 ikarudiwa: Njuri Ncheke, baraza la wazee, likapiga tohara hiyo marufuku, na maafisa wa mkoloni nyuma yake. Mnajua kilichotokea? Wasichana wakaenda msituni wakajitahiri wenyewe kwa wembe. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri. Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,000 walishtakiwa. Marufuku ilikuwa juu ya jambo zuri kabisa, na bado ikageuka ukaidi, kwa sababu hakuna mahali msichana wa miaka kumi na tatu angesimama aseme anaogopa nini na anataka nini.

Hiyo ndiyo zamani. Sasa tuje kwa mtu ambaye, kusema kweli, ndiye alinifanya niandike hii posti.

Machi 1975, J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alipotea Nairobi, na mwili wake ukapatikana Ngong. Nchi nzima ilijua, nchi nzima ilinong'ona. Wakati huo kijana mmoja wa miaka 37, mzaliwa wa Kirinyaga, alikuwa katibu mkuu wa Chama cha Biblia. Aliitwa David Gitari. Alikuwa amepangiwa kutoa mahubiri mafupi kwenye redio, Sauti ya Kenya. Angeweza kuongea juu ya upendo wa jirani na kufunga kipindi. Badala yake akaongea kuhusu uhai wa binadamu, na kuhusu Kaini na Abeli: lile swali la ndugu yako yuko wapi. Hakutaja jina la mtu. Hakuhitaji. Waliosikia walielewa, na waliopaswa kuelewa zaidi wakaelewa pia, kwa sababu aliitwa kuulizwa anamaanisha nini.

Julai mwaka huohuo akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi mpya ya Kianglikana ya Mlima Kenya Mashariki, makao yake makuu yakiwa Embu. Dayosisi hiyo ilichukua Kirinyaga, Embu, Meru na kupanda hadi Isiolo na Marsabit. Kwa hivyo kwa miaka kumi na tano mtu aliyekuwa anawasumbua wakubwa wa Nairobi kila Jumapili alikuwa askofu wa hapa kwetu. Shuleni sikufundishwa jina lake hata mara moja. Nilifundishwa urefu wa mto Tana.

Kitu kinachonivutia kwa Gitari si ukali. Wakali tunao, washa tu simu yako. Ni njia yake. Alichukua andiko, akalieleza kama mwalimu, hatua kwa hatua, halafu akaweka tukio la wiki hiyo pembeni yake, wazi, mbele ya watu, huku vijana wa Special Branch wakinakili. Mahubiri yake yakachapishwa kitabu mwaka wa 1988, Let the Bishop Speak, ili hata asiyekuwepo asome na apinge akitaka. Na walipinga! Wanasiasa walimjibu magazetini na kwenye mikutano, wakamwambia avue joho aingie uwanjani. Hiyo kelele yote ilikuwa mbaya kwake, lakini kwa msikilizaji wa kawaida ilikuwa darasa: hapa hoja, pale jibu, wewe amua.

Chukua mfano wa Juni 1987. Mwaka uliotangulia bunge lilikuwa limebadilisha katiba na kumwondolea mwanasheria mkuu na mkaguzi mkuu wa hesabu ulinzi wa kazi zao, yaani rais angeweza kuwafuta anavyotaka. Ilipita haraka, bila wananchi kuulizwa. Gitari akasimama Nyeri akahubiri Danieli sura ya sita. Mnaikumbuka: wakuu wanamletea mfalme Dario sheria, anaitia sahihi bila kufikiri, na kisha rafiki yake anatupwa kwa simba. Alichosisitiza ni hiyo haraka. Mfalme angeuliza kwanza, angejua sheria imemlenga nani. Watu wakakasirika, na mimi nikisoma leo sielewi mtu anakasirikia nini hasa, isipokuwa aliona ile sahihi ni yake.

Nami naongeza jambo ambalo liko kwenye sura hiyohiyo: Danieli aliomba madirisha yakiwa wazi. Angeweza kuomba chini ya blanketi.

Sasa mlolongo. Hapa ndipo nafikiri sheria ya guka ilizaliwa.

Agosti 1986 KANU ilitangaza kwamba katika kura za mchujo watu hawatatumia karatasi tena. Watapanga foleni nyuma ya mgombea au ajenti wake aliyeshika picha yake, kila mtu akiona. Anayepata asilimia 70 anakuwa amepita moja kwa moja, hakuna uchaguzi mwingine. Wachungaji zaidi ya elfu moja walikuwa wamekutana Chuo Kikuu cha Kenyatta chini ya NCCK mwezi huohuo, na wakasema hawataweza. Sababu yao ilikuwa rahisi hata mtoto angeielewa: mchungaji ana waumini katika kila mstari, akisimama mmoja amewageuzia wengine mgongo. Gitari na Okullu wa Maseno Kusini na Muge wa Eldoret wakaipigia kelele. Serikali ikajibu kwa kuwaondolea viongozi wa dini na baadhi ya watumishi wa umma sharti la kupanga foleni. Kanisa la African Inland, alikokuwa anasali rais mwenyewe, likajitoa NCCK. Ndiyo, makanisa hayakuwa na sauti moja, na sipendi historia inayosema yalikuwa nayo.

Lakini hebu fikirieni huo msamaha. Mchungaji amesamehewa. Mwalimu wa Sunday School je? Mkulima wa kahawa je? Mama anayeuza mboga sokoni Manyatta, aliye na deni kwa mtu aliye kwenye mstari ule mwingine?

Foleni zilipangwa Februari 1988. Mnajua hadithi zake, mistari mifupi iliyotangazwa kuwa mirefu. Gazeti la NCCK lililoitwa Beyond liliandika wizi huo kwa urefu, likapigwa marufuku, na mhariri wake Bedan Mbugua akafungwa, ati kwa kutowasilisha taarifa za mauzo ya gazeti. Mwaka uliofuata Gitari alikuwa amelalamikia uchaguzi wa chama huko Kirinyaga, na usiku wa Aprili 21, 1989, genge likavamia nyumba yake. Alipanda juu ya paa akapiga mayowe hadi majirani wakatoka. Askofu mzima, usiku, juu ya paa. Mwaka uliofuata tena, Agosti 1990, waziri mmoja alimwonya Askofu Muge asikanyage Busia. Muge akaenda, akahubiri, na akiwa njiani kurudi akafa katika ajali ya barabarani.

Haya yako vitabuni. Kile ambacho hakiko vitabuni ni kilichobaki kwa majirani. Kura ya siri ina maana kwamba nikitoka kituoni naweza kuongea nitakavyo, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha nilichofanya mle ndani. Naweza kubishana na wewe, nikabadilisha mawazo, nikakudanganya hata. Siri ya karatasi ndiyo inaupa mdomo uhuru. Mlolongo uligeuza hiyo juu chini. Mguu wako ukawa wazi mbele ya chifu, mbele ya mwenye duka, mbele ya shemeji, kwa hivyo kitu pekee ambacho ungeweza kuficha ni mdomo. Watu wakaufunga. Foleni zenyewe zilifutwa na KANU mwisho wa 1990, vyama vingi vikaruhusiwa Desemba 1991, karatasi za siri zikarudi. Midomo haikupewa taarifa.

Nimejaribu kuwa mkweli kwa upande wa pili, kwa sababu upande wa pili una nguvu. Watu huniambia: makanisa yaliongea siasa, na angalia 2007. Sawa, tuangalie.

Oktoba 2007, wiki chache kabla ya uchaguzi, John Njue alikuwa ndio ameteuliwa askofu mkuu wa Nairobi wa Kikatoliki. Huyu ni wetu kabisa, mtoto wa Kiriari, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Katoliki ya Embu kuanzia 1986. Akasema majimbo hayafai. Lakini majimbo ndiyo ilikuwa hoja kubwa ya kampeni, upande mmoja unataka, mwingine hautaki, na ule usiotaka ulikuwa na watu wengi wa mlimani. Maaskofu wengine wa kanisa lake hawakuwa na msimamo huo. Basi watu hawakusikia hoja, walisikia kabila. Kisha ikaja Desemba, ikaja Januari, zaidi ya watu 1,100 wakauawa, na wanawake na watoto wakachomwa ndani ya kanisa Kiambaa. Februari 2008 NCCK ilitoka ikaomba msamaha hadharani, ikakiri kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande.

Je, hiyo inathibitisha kwamba guka ana haki? Nimefikiri sana juu yake na jibu langu ni hapana, ingawa si hapana ya haraka. Njue alikuwa na haki ya kusema, na kwa kuwa alisema wazi, aliweza kupingwa wazi, hata na maaskofu wenzake. Hilo la Njue ndilo dogo. Kubwa ni lile ambalo hatukulisikia: yaliyosemwa kwa lugha ya nyumbani, mlango umefungwa, baada ya ibada, kuhusu "wale" watu. Hapo hakuna "wale" aliyekuwepo kujibu. Tofauti ya Gitari na mchungaji wa 2007 si kwamba mmoja aliongea siasa na mwingine akaacha. Gitari aliongea juu ya kitendo, katiba hii, foleni ile, kifo hiki, mbele ya mtu yeyote mwenye masikio, pamoja na mlengwa. Yule mwingine aliongea juu ya watu, mbele ya watu wake pekee. Nafikiri tumeyachanganya hayo mawili tukayatupa yote nje ya geti.

Na kutupa huko kuna gharama, jamani. Agosti 2021 ndugu wawili wa Kianjokoma, hapa hapa Manyatta, wanafunzi wa chuo, walikamatwa usiku kwa kuvunja kafyu ya korona. Familia ikawapata mochari. Maafisa sita wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji. Vijana wakaandamana, barabara zikafungwa kwa mawe. Mimi nakumbuka Jumapili iliyofuata vizuri sana, kwa sababu katika kanisa tulilokuwa, sitalitaja, tuliombea "familia zote zinazopitia wakati mgumu." Familia zote! Kila mtu kwenye viti vile alijua tunaongelea nyumba gani. Kaini na Abeli walikuwa kwenye Biblia ya kila mtu pale ndani, na hakuna aliyeufungua huo ukurasa. Sio kwamba mchungaji alikuwa mtu mbaya. Nafikiri aliogopa kuchafua ibada na siasa, kana kwamba kafyu na risasi na rungu ni maoni ya chama fulani.

Mwezi mmoja baadaye, Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana akapiga marufuku wanasiasa kuhutubu ndani ya ibada. Ilikuwa Butere, siku ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini. Nilishangilia, nikaposti, mkanipa moyo nyekundu nyingi. Leo nashangilia nusu. Ni vizuri mheshimiwa asishike maikrofoni ya madhabahu, kwa sababu pale hakuna anayeweza kuinua mkono amuulize pesa za harambee zimetoka wapi. Lakini makanisa mengi yalielewa marufuku hiyo kama likizo: mwanasiasa asiongee, na sisi pia tusiongee. Bahasha nazo ziliendelea kuingia kwa mlango wa nyuma. Ilibidi tungoje hadi Novemba 2024, baada ya vijana kutoka barabarani Juni ile na kuyauliza makanisa yako upande gani, ndipo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaagiza mamilioni yaliyotolewa na rais na gavana katika kanisa moja la Katoliki yarudishwe. Hapo mjadala ukafunguka kweli. Hata bodaboda walikuwa wanabishana kuhusu sadaka.

Na ndio, najua mtaniuliza, "na wewe unatuambia tuongee, ukitekwa?" Desemba 2024 kijana wa Embu alichukuliwa na watu wasiojulikana akiwa kwa kinyozi, baada ya picha ya kumkejeli rais mtandaoni. Watu wa Embu walitoka barabarani kumdai. Aliachiliwa Januari. Nyumba niliyokuwa nikiishi wakati huo haikuwa mbali, na kwa wiki mbili sikuposti kitu isipokuwa mapishi. Kwa hivyo siwezi kumcheka mtu yeyote anayenyamaza. Nilinyamaza pia. Nimegundua tu kwamba waliomdai hawakuwa waliokuwa wakinong'ona.

Sasa nirudi kwa guka, kwa sababu nilimwacha na kuku wake.

Baada ya kula wengine walitoka nje kuota jua. Nikabaki jikoni na yeye na shosho. Sikumuuliza juu ya siasa. Nilimuuliza hivi: "Guka, mwaka wa 1988 ulisimama mstari gani?"

Alinyamaza hadi nikafikiri nimeharibu siku. Halafu akaniambia. Ilikuwa uwanja wa shule ya msingi, asubuhi, umande bado. Yeye alisimama nyuma ya mtu aliyeshindwa. Kakake, ambaye mimi namjua kwa picha tu, alikuwa mstari wa pili, na mistari ilikuwa imepangwa ikitazamana. "Nilimwona, akaniona. Sikujua kabla ya siku hiyo. Na yeye hakujua." Wote wawili walikuwa wazee wa kanisa moja. Mgombea wa kakake alipita. Wiki iliyofuata mtu akamwambia kakake kwamba guka anamwita msaliti, na guka akaambiwa vivyo hivyo, na hakuna aliyeenda kwa mwenzake kuuliza kama ni kweli. Walishiriki meza ya Bwana Jumapili baada ya Jumapili bila kupeana mkono. Kakake alifariki 1991.

"Hatukuwahi kusalimiana," guka akasema. "Ndiyo nikasema, hapa kwangu, hapana tena."

Shosho alikuwa anapanga moto. Akasema bila kugeuka, "Mngeongea."

Guka hakumjibu. Akanitazama mimi. "Na wewe, 2022 ulimpigia nani?"

"Kura ni siri, guka. Ni sheria."

"Najua ni siri. Ndiyo maana nakuuliza hapa, sikukuuliza kule kwa kituo."

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema nilikosea sana, akavuta kiti karibu aanze kunieleza kwa nini, na shosho akaongeza maji kwenye sufuria ya chai.